Barua Iliyo Chini ya Kopo la Sukari

Mutiso, chai iko kwenye thamosi. Meza dawa ukishakula. Funga mlango, mbuzi wa mtaa huu hawachagui karatasi ya kula.

Asubuhi ulisoma barua yangu ya kuwaomba wabunge wa kaunti wasipunguze pesa za kliniki ya afya ya akili. Nilikuwa nimeandika, "Jirani yetu hudungwa sindano pale kila mwezi; kliniki ikifungwa, ataifuata sindano hiyo Nairobi." Ukaniuliza umekuwa jirani yangu tangu lini, ukajifungia chumbani. Niliona haya, Mutiso.

~~Naipeleka hivyohivyo.~~

Nimeandika upya: "ndugu yangu". Iko chini ya kopo la sukari. Jina lako sijaliweka, nafasi nimekuachia. Ukikataa kuliandika, sitanuna. Saynab wa dukani atapita saa saba kukusanya barua za mtaa wote, azipeleke kwa wabunge.

Dada yako wa tumbo moja.