Mlango wa Nyuma ya Kabati

Shoga, soma hapa, usinipigie.

Ile riwaya yangu ya vita vya dini, yenye mji uliozingirwa mpaka watu wakatafuna ngozi za viatu? Nilimpa baba mdogo asome, si unajua ndiye anayetunza funguo za nyumba yetu ya ibada. Leo kaniita pale, sura imemshuka.

"Nani alikuonyesha mlango wa nyuma ya kabati?"

Nikacheka. Baba mdogo, huo mlango wa msaliti kwenye riwaya nimeutunga mwenyewe!

"Nani alikuonyesha?"

Akalisukuma kabati la vitabu vya nyimbo. Shoga, mlango upo! Wa chuma, unatokea uchochoroni.

Akaapa haujafunguliwa tangu apewe funguo. Nikamwamini, mpaka nilipogusa bawaba. Kidole kikatoka na mafuta. Mafuta mapya!

Na kwenye riwaya yangu msaliti anazipaka bawaba mafuta, ili zisilie maadui wakiingia.

Baba mdogo akakiona kidole changu. Akalirudisha kabati taratibu, akasema nisimwambie mtu.

Unajua wale wa dhehebu la pili walivyotutishia wiki hii. Kesho usiende ibada. Watoto nao wabaki nyumbani.