Kitabu ya Katekista mu Plastiki

Nguba, Bukavu, vendredi mangaribi

Alifanya vile kwa mapendo, na ndiyo inaniuma zaidi.

Maman Godelive, mwenye kulinda sakristia ya parokia, alinifungulia kabati na furaha ya mutu mwenye kuleta zawadi. Kile kitabu ya sala, yenye katekista wa kwanza aliandika na mukono, yenye nilingojea ruhusa ya kupima wino yake mwaka muzima, alishaiachanisha. Kila ukurasa aliipeleka kuplastifie, kuifungia mu plastiki ku mashini ya moto, sawa vile tunafanyaka diplome zetu.

"Ona, Prof! Sasa hata mvula ya Bukavu haitaiweza."

Wazee wanasema katekista alipika ile wino mwenyewe, na maganda ya miti na misumari ya kutu. Nilitaka kuihakikisha mbele ya wale wenye kusemaka kila kitu ililetwa na Wazungu. Sasa hata chembe moja siwezi kupata. Nikipasua plastiki, maandiko itabanduka nayo.

Na kama wazee wanasema kweli, ni mubaya zaidi. Wino ya vile iko na asidi. Inakula karatasi polepole, na sasa wino na karatasi zimefungiwa pamoja.

Nilifungua kinywa nimuambie. Lakini vile alikuwa ananiangalia...

"Itadumu, eh?"

"Itadumu, maman. Aksanti."

Niko naandika chini ya diplome yangu ya chimie, ya kemia, yenye iko ku ukuta. Ni mimi niliipeleka kuplastifie.