Pipa Imekufa, Tiyo Imezaliwa

Kasongo, jumamosi. Asubui ilikuwa ukungu tupu, sasa jua inapiga mabati mupaka inalia. Roho yangu iko kama ya mutu aliyekula samaki ya Nyangwe na harufu bado iko kwa vidole.

Leo nimeshinda. Wacha niandike mbele simu ikufe.

Wale mulio wapya hapa, mimi ni mutu wa kutafuta-tafuta. Naziba baisikeli zilizotoboka, nachaji simu za watu kwa jua, nauza karanga, na kama una mbuzi wawili wenye kupigana, naweza kuwapatanisha, tusikilizane tu bei. Masomo niliachia mwaka wa ine. Mwalimu na mimi tulikubaliana wote wawili.

Sasa habari yenyewe. Bibi yangu Feza, muke wangu wa ndoa, amezaa. Mutoto mwanamuke, wa kwanza kwetu. Tukamupa jina ya nyanya yake, mama mukwe wangu: Zaina.

Mama mukwe akakuja toka Kabambare na pikipiki, matope mupaka kwa kilemba, kuogesha muzazi. Kazi hiyo hawaachiaka mutu mwingine. Asubui na mangaribi, maji ya moto, si vuguvugu, ile yenye kuuma. Anaingiza kitambaa kwa maji, anakanda tumbo, anakanda mugongo, mupaka mwili wa muzazi urudie pahali yake. Na maji haifai kukatika katikati. Ikikatika, baridi inaingia kwa mifupa. Njo wanasema hivyo. Mimi sibishanaka na mifupa.

Mambo ya bukwe munaijua. Mimi na mama mukwe hatutazamanaka kwa macho, na kusemezana uso kwa uso ni haya. Akipita huku, mimi napita kule. Nyumba yetu ni ndogo, basi wiki hii nimetembea kuliko watu wa chanjo ya polio.

Lakini mama huyu ana akili. Akitaka kunisemesha, anasemesha mutoto. Anamwita Majina, vile tunaitanaka hapa watu wa jina moja. Mutoto amelala, macho imefungwa, hajui hata kama ana miguu, na nyanya anamutuma barua.

"Majina, ambia baba yako chumvi imeisha."

Mimi naenda kununua chumvi.

Juu ya maji, mimi sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na pipa. Ile pipa nyeusi ya marehemu baba, inakaa kwa mafiga nyuma ya nyumba tangu niko mutoto. Nakiri hapa: niliipenda, lakini ilikuwa ya kututesa. Inakula kuni kama mbuzi kwa shamba ya mutu. Unawasha jogoo wa kwanza, unangoja, moshi inakuliza kama uko kwa matanga. Maji ikichemka, wa kwanza anaungua, wa pili anaoga vizuri, wa tatu anaoga vuguvugu, wa ine anaoga na imani.

Jumanne asubui, Feza tayari iko ndani ya bafu, mama yake ameshaanza kumukanda tumbo, chini ya pipa ikafunguka. Kutu ilikuwa imeimaliza pole pole. Maji yote, fwaa, juu ya moto. Moshi na majivu mupaka kwa jirani. Kuku wawili hawajarudi mupaka leo.

Ndani ya bafu, wote wawili wanakohoa moshi.

Halafu sauti ya mama mukwe, polepole, yenye adabu, ile ya kuogopesha:

"Majina, ambia baba yako: ile pikipiki iliyonileta inarudi Kabambare jumamosi. Kama mupaka siku ile hapa hakuna maji ya moto ya kueleweka, mimi, wewe na mama yako tutaipanda. Tutarudi ukiota meno."

Meno!

Munanijua. Mimi nachekaka hata kwa matanga, wananitosha, wananifukuza inje. Siku ile sikucheka. Barabara ya Kabambare naijua: mashimo yenye kumeza pikipiki na dereva wake, madaraja ya miti miwili. Muzazi mubichi na katoto kasikoshika shingo, juu ya ile kiti? Na mimi nibaki hapa na nani, na karanga?

Feza alinitazama kwa mulango. Alikuwa amebana mutoto kwa kifua. Bibi yangu akimubana vile, iko anaogopa.

Nilizunguka soko yote kutafuta pipa ingine. Pipa ziko. Zote zilibeba mazutu, mafuta ya magari. Sasa utaogesha muzazi ao utamuwasha?

Tangu saa ile tukabaki na sufuria mbili ndogo. Moja ikichemka, ingine imeshapoa. Mama mukwe anakanda, anangoja, anakanda, anangoja, na kila akingoja anapumua kwa pua kwa nguvu. Ile pua nilikuwa naisikia mupaka barabarani.

Kunywea kwa wenzangu ni kukaa. Mimi nikinywea natembea. Jumatano nikapita kwa Mama Anyesi, jirani. Mama huyu alikuwa anapikaka lotoko, ile pombe kali ya mahindi na muhogo. Sasa ameokoka, ameacha yote. Tiyo yake, ile bomba ndefu ya shaba, amefunga kwa ukuta, anakausha nayo nguo za wajukuu.

Nikasimama pale.

Munajua lotoko wanavyopika. Moshi ya moto, ile mvuke ya pombe, inaingia ndani ya tiyo, tiyo inapita ndani ya maji ya baridi, upande wa pili inatoka baridi. Sasa, kama mutu akigeuza? Maji ya baridi ndani ya tiyo, tiyo ndani ya moto?

Nilisikia kichwa inawaka. Haya mambo hawakunifundisha mwaka wa ine, labda iko mwaka wa tano.

"Mama Anyesi, nipe ile tiyo."

"Ya nini? Na wewe unaanza kupika?"

"Napika maji, mama."

"Maji!" Akacheka mupaka akashika ukuta. "Chukua, mutoto wangu. Ile kitu imenichokesha roho. Lakini nguo za wajukuu utanitafutia kamba."

Nikakunja tiyo mizunguko-mizunguko kama nyoka amelala. Nikaiingiza ndani ya janti, ile chuma ya gurudumu, ya zamani ya pikipiki, nikaizungusha udongo, moto ukae katikati. Juu, kwa miti mirefu, nikapandisha bidon, dumu ya maji. Kutoka bidon mupaka kwa tiyo, nikafunga mupira wa ndani wa baisikeli. Moto yote inje ya lupango, ile ua ya majani ya bafu, mudomo wa tiyo tu unapenya majani na kuingia ndani. Hivi mama mukwe hatanionaka, na mimi sitamuonaka. Mashini yenye kuheshimu bukwe!

Unatangulia maji, halafu moto. Usigeuze. Mimi niligeuza mara ya kwanza, tiyo ikapiga filimbi na kutema moshi ya moto, na kuku watatu wakafuata wale wawili.

Ya pili ikakubali. Maji ilipita, ikatoka moto. Hakuna kungoja pipa, hakuna jogoo wa kwanza. Vijiti vichache tu, vile vya kupika chai. Na inatoka, na inatoka, na haiishi. Nilicheza peke yangu pale nyuma ya nyumba.

Kosa yangu ni furaha. Nilisugua tiyo inje mupaka ikang'aa kama meno ya mutu anayetafuta kura. Ya ndani sikufikiri.

Mama mukwe akaweka baseni, majani ya mapera yake ndani, maji ikaangukia pale. Moshi ikapanda. Na harufu ikapanda na moshi. Lotoko. Ile yenyewe, ya miaka yote Mama Anyesi alipika. Mama mukwe, mwanamuke wa swala tano, hajagusa pombe tangu amezaliwa, akaimwaga yote inje.

"Majina, ambia baba yako: wewe ni mutoto, si mulevi."

Akaingia nyumbani. Kupitia dirisha nikamuona iko anafunga mufuko wake.

Nakiri hapa, sababu hapa hakuna mutu wa kunicheka isipokuwa ninyi wote: nilikaa chini na nikasikia machozi. Nikasema ni moshi.

Alhamisi na ijumaa nilipitisha ndani ya ile tiyo kila kitu chenye kusafisha. Majivu. Ndimu. Muchanga na maji ya moto. Ndimu tena. Mwisho pua yangu ikachoka, sikujua tena kama harufu iko kwa tiyo ao iko kwa kichwa yangu.

Sasa utamuuliza nani? Mutu wa kanisa hawezi kujua. Mutu wa musikiti hawezi kujua. Nikaita Kaka Musafiri.

Kaka Musafiri, Kasongo yote inamujua. Ukifungua chupa ya lotoko kwa siri, ng'ambo ya mutaa, yeye ameshafika kukusalimia. Nikamupa tiyo. Akanusa mudomo huu. Akanusa mudomo wa pili. Akafunga jicho moja, akatazama ndani kama anatafuta ndugu yake. Akapulizia. Akalamba. Halafu akaiweka chini polepole, vile wanawekaka mugonjwa.

"Kaka," akasema, "umeifanya nini? Hakuna kitu. Hata kumbukumbu haiko." Akafuta macho kwa mukono. "Tiyo ya Mama Anyesi! Mutu mubaya wewe."

Akaenda bila kuaga. Sijaonaka kilio yenye kunifurahisha vile.

Mama mukwe alikuwa kwa mulango, ameona yote. 

"Majina, ambia baba yako: kesho asubui, mara moja tu. Pikipiki itakuwa inangoja."

Na kweli ilingoja. Leo ukungu bado iko chini, dereva wa Kabambare ameshafika, mufuko wa mama mukwe umefungwa nyuma ya kiti na kamba ya mupira. Feza akapita kuelekea bafu. Akipita, akanigusa mukono.

Tulikuwa tumesikilizana kupitia Feza: nikiwa inje kwa moto, mama mukwe akipiga baseni mara moja, anataka moto zaidi, mimi nabana mupira, maji inapita kidogo na inakuwa moto sana. Akipiga mara mbili, imezidi, nafungulia. Hakuna mukwe kupigia mama mukwe kelele, hakuna haya.

Maji. Halafu moto.

Ko.

Nikabana.

Ko-ko.

Nikafungulia kidogo, kidogo sana, vile unafungulia mulango kukiwa na mwenye deni inje.

Halafu ile sauti ya maji kuangukia majani. Inatoka. Nikajaza bidon. Inatoka. Nikajaza tena. Harufu iliyopita lupango ilikuwa ya mapera tu. Nilikuwa nangoja ile pua, ile kupumua kwa nguvu. Haikukuja.

Halafu nikasikia Feza anacheka. Tangu amezaa, bibi yangu hakuwa amecheka.

Nilibana mupira na nilibana na macho yangu pia.

Ko-ko-ko.

Tatu? Juu ya tatu hatukusikilizana! Nikafungulia. Ko-ko-ko. Nikabana. Ko-ko-ko! Nikaongeza kuni, nikatosha kuni, nikasimama, nikakaa, dereva wa pikipiki anacheka mupaka anashika usukani. Nikasema basi, imeisha, wanakwenda.

Sauti ikatoka ndani ya lupango:

"Majina, ambia baba yako atoke pale kwa moto, amuite Mama Anyesi abane mupira. Muzazi amemaliza." Akakohoa kidogo. "Sasa ni zamu yangu, mimi njo naoga."

Mama mukwe! Na maji ya tiyo yangu! Nikamuita Mama Anyesi juu ya ukuta, nikakimbia kama wamenishitaki. Mukwe hawezi kukaa karibu na bafu ya mama mukwe wake, nilifika mupaka kwa barabara nikiwa bado nakimbia, na barabarani njo nilianza kucheka, peke yangu, mikono juu, watu wa soko wanapita na kuuliza kama nimepata kazi ya serkali.

Niliporudi kuchungulia, mama mukwe alikuwa ametoka, uso unang'aa, kilemba kipya. Akaenda kwa pikipiki. Akafungua kamba mwenyewe. Akachukua mufuko wake, akaingia nao nyumbani.

Dereva akaangalia kiti yake yenye utupu, akaangalia matope kwa miguu yake.

"Kaka," akaniuliza, "na mimi naweza kuoga?"

Akaoga. Akaenda Kabambare peke yake, musafi kama bwana arusi, na naona mashimo ya kwanza yatamurudisha vile alivyokuwa.

Sasa Feza amelala. Mutoto amelala juu ya kifua chake. Ile pipa ya baba nimeigeuza, nimepanda mboga ya lengalenga ndani, ipumzike. Imefanya kazi yake.

Saa sita hivi, nikipita upande wangu wa ukuta, nikasikia barua ya mwisho ya leo:

"Majina, ambia baba yako: Kabambare asubui baridi inashinda ya hapa. Na bafu yangu iko na nafasi ya tiyo."

Hiyo si habari. Hiyo ni amri.

Sasa tiyo ingine nitaitosha wapi? Wenye kupika lotoko wamebaki wengi hapa, lakini hakuna atakayenipa, bado wanapika. Mimi si mutu wa kusali sana, Mungu ananijua, naye anachekaka. Lakini leo mangaribi nitapiga magoti na nitamuomba kitu moja tu:

Ee Mungu, okoa mupishi mwingine wa lotoko, na uchague mwenye tiyo ndefu.