Bega la Kishindo Lilikuwa la Mama

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuachie meza yako ya kuchorea. Matone ya wino bado yameganda ukingoni, na Mama hataki yasuguliwe.

Wachoraji wenzako walikuita Mzee Wino. Sisi tulikujua kama mtu aliyepiga miluzi akimenya viazi, aliyewasuka mabinti zake mabutu ya kombokombo wakaenda nayo shule hivyo hivyo, huku akijisifu mlangoni.

Kwa miaka thelathini na moja ulimchora Kishindo, shujaa wa katuni anayesimamisha treni kwa mkono mmoja. Kwenye jalada likakaa jina la mwandishi wa hadithi peke yake. Sisi tulichemka, wewe ulinoa penseli. "Aliniletea hadithi nzuri. Msimseme vibaya." Lakini tulikuona ukilifunua jalada upesi upesi. Lilikuuma, Baba, nasi likatuuma.

Miezi mitatu baada ya kukuzika, wachapishaji walifanya maonyesho. Msomaji mmoja akamuuliza mwandishi, "Mbona bega la kushoto la Kishindo liko juu siku zote?" Wachoraji wenzako wameliiga miaka yote wakidhani ni madoido. Mwandishi akakuna kichwa. "Kusema kweli, sijui."

Mama akasimama. Miaka arobaini ya kuinamia cherehani imelipandisha bega lake la kushoto, na ukumbi mzima ukaliona. Ulimchora akishona, kisha ukamvisha koti la kishujaa.

Mwandishi alimfuata pale pale, machozi yakimlengalenga. "Shemeji, mimi nilileta maneno tu. Mumeo ndiye aliyempa Kishindo mwili na roho. Waliondoe jina langu, waweke lake."

Mama akakataa katakata. "Hapana, shemeji. Mume wangu hakuwa mporaji. Nataka yawe mawili."

Toleo la mwezi huu limetoka na majina mawili, herufi za ukubwa mmoja. Tunatembea vifua mbele kwa ajili ya kazi yako, Baba, na zaidi kwa sababu hatukumfuta mtu ili wewe uonekane.

Wanaokukumbuka ni mkeo, fundi cherehani. Mabinti zako wawili. Mkwe wako uliyekuwa ukimfunga drafti kila Jumapili bila huruma. Na mjukuu wako tunayemwita Kifutio, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Neno la kwanza alilolisoma bila kusaidiwa ni jina lako, pale kwenye jalada.

Hutatutoka moyoni kamwe.