Shikamoo Ambayo Haikuitikiwa

Jumatatu, 3 Juni
Alizeti tangu asubuhi, kupura na kupepeta. Mgongo hoi. Baba Rehema yuko kibarazani, mkono wa kushoto umelala tu. Hospitali wameturuhusu, lakini kiharusi kimemwachia maneno mazito, kama ana ugali mdomoni. Binti yetu Rehema, aliye Mwanza, hajui lolote. Baba mtu anataka kumwambia mwenyewe. Leo akapiga, kwa laini mpya. Simu ya zamani ilitumbukia chooni. Akanyamaza, anangoja shikamoo. Rehema akauliza, "Nani mwenzangu?" Mzee akanguruma. Simu ikakatwa.

Jumanne, 4 Juni
Nimemwambia ajitaje. Akanijia juu. Ati mzazi hajitambulishi kwa mtoto aliyemzaa! Nikataka kupiga mimi, akaficha simu chini ya mto. Ukaidi mtupu. Namhurumia na namkasirikia, yote pamoja.

Alhamisi, 6 Juni
Kapiga tena. Safari hii alijikaza akasema, "Mama." Ndivyo anavyomwita Rehema, maana ana jina la bibi yake, mama mzaa baba. Kule likafika kama la mlevi. "We mzee mlevi, nenda kalale!" Kisha akaifungia namba yetu. Mume wangu amelia. Sijawahi kumwona akilia tangu anioe. Nikaenda jikoni, nisimwone.

Jumamosi, 8 Juni
Hali chakula. Hasemi. Macho ameyafumba. Basi, potelea mbali marufuku yake. Nimeazima simu ya jirani. Sikungoja kuulizwa. "Rehema, ni mimi mama yako. Yule uliyemwita mlevi ni baba yako, anaumwa sana." Akaangua kilio. Akaomba nimwekee baba simu sikioni. Nikaweka.
"Shikamoo baba. Baba, shikamoo."
Hakuitikia. Sijui kama alisikia. Mungu ndiye ajuaye.

Jumapili, 9 Juni
Ametutoka asubuhi, watu wakiwa kanisani. Basi la Rehema lilikuwa bado njiani.

Ijumaa, 28 Juni
Upepo mwingi, vumbi mpaka kwenye unga. Rehema amesharudi Mwanza. Hupiga jioni, nikishaosha vyombo. Kabla sijasema halo, anajitaja: "Mama, ni mimi Rehema, Rehema Kitundu, binti yenu." Kila siku hivyo hivyo. Nilimwambia aache, sauti yake naijua tangu tumboni. Hakuacha. Siku hizi simkatazi. Namwacha amalize jina lote, na la baba yake.