Kikohozi cha Bhoke

Musoma, Jumanne usiku

Bado namuwaza Bhoke. Kumbe kila tukishafuta vitanda vya wodi ya wazazi kwa klorini, nesi mwenzangu huyu anatoka nje, anakohoa mpaka anashika ukuta. Halafu anarudi akitabasamu, anapokea mtoto wa watu kama hakuna kitu.

Alikuwa anaficha. Aliogopa kuhamishwa, na kuzalisha ndiyo furaha yake.

Leo kwenye kikao cha asubuhi akasimama mwenyewe. "Mkuu, klorini inanibana kifua. Tunaikorogaga ndani, madirisha yamefungwa. Mkinihamisha sawa, ila msimweke mwingine aumie."

Nikasema moyoni, Bwana, msimamie.

Mkuu wa wodi akamwangalia. "Uende wapi wewe, na wamama wanakuulizia toka getini? Kuanzia leo inakorogwa nje, madirisha wazi. Na kufuta wafute wengine."

"Nitafuta mimi," nikadakia.

"Mama Neema, na mgongo wako huo?" Bhoke akanitania, machozi yanamtoka. Tukacheka wote.

Ee Mungu, umempa moyo mkubwa yule binti. Mimi nimemzidi umri lakini nisingethubutu.

Sasa nimepiga magoti nisali, kikohozi kimenikata katikati. Kikavu, kama chake. Baba Neema anasema ni upepo wa ziwa, nami nimemwitikia tu. Lakini upepo huu nimezaliwa nao, haujawahi kunikohoza.

Na ndiyo nimeshajitolea kufuta...

Kesho nitamwambia Bhoke kwanza. Kisha nitamwomba asimame pembeni yangu kikaoni, nami niseme.