Hapatikani

Jumatatu, 3 Machi

Tumetoka hospitali. Daktari wa moyo amesema valvu ya mume wangu haiwezi kungoja zaidi. Nafasi ya upasuaji ikipatikana, muuguzi atapiga simu. Usipopokea, anapigiwa anayefuata. Hakusema kwa ubaya, ndio utaratibu.

Mume wangu njia nzima anatania: eti moyo wake sasa uko mikononi mwa kampuni ya simu. Mimi sikucheka. Nyumbani kwetu simu ni ya kutazamia saa tu. Tangu waanze kufunga mitambo ya 5G kwenye mnara, hata ule mtandao wetu wa kubahatisha umekufa.

Jumanne, 4 Machi

Nimezunguka nyumba na simu kama mtu anayetafuta paka. Chumbani — hakuna. Sebuleni — hakuna. Jikoni, ukiiegemeza kwenye nondo za dirisha, kistari kimoja. Kinakuja, kinaondoka. Mahali pa uhakika ni ngazi za nje za jirani, kule juu kabisa. Lakini nikishinda kule, nani atamsikia huyu akikosa pumzi?

Nimemwita wifi aje tusaidiane. Mume wangu: "Sasa nyumba ina wifi. Imebaki intaneti." Hata wifi alicheka, na yeye si mtu wa kucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Kampuni imepiga hema karibu na cherehani yangu, pale ninaposhonea nguo. Spika, fulana, maputo. Kasi ya kesho, leo! Nikamwambia binti wa mauzo sitaki kasi, nataka simu iite. Akaikagua simu yangu, akanirudishia kwa vidole viwili: hii, mama, haishiki 5G. Nikauliza, na ile netiweki ya zamani mmeipeleka wapi? Akatabasamu tu.

Huduma kwa wateja wamenishauri niizime simu, niiwashe. Kisha ujumbe: je, umeridhika na huduma yetu?

Nimenunua laini ya kampuni nyingine. Kufika nayo nyumbani, haishiki hata dirishani. Nimeruka majivu, nimekanyaga moto.

Jumamosi, 8 Machi

Ugomvi. Ilikuwa zamu ya wifi kukaa ngazini na simu. Nimerudi kutoka kazini namkuta ndani, simu iko naye, imelala kama jiwe. Alimsikia kaka yake akikohoa, akashuka. Nikamfokea. Akanijibu polepole: "Wewe ungebaki kule juu?"

Tumeosha vyombo, yeye anasugua, mimi nasuuza. Mume wangu analala ameketi, mito imejaa mgongoni. Akilala chali anazama, anasema.

Jumatatu, 10 Machi

Hawajapiga. Miguu yake imevimba, viatu haviingii. Cherehani sikufungua.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nikiwa ngazini. Sithubutu kusogea.

Asubuhi alibanwa vibaya. Tulikuwa sote chumbani, mimi nimemshika, wifi anampepea. Simu iko kwenye nondo za jikoni. Haikulia hata mara moja. Alipotulia nikapanda nayo huku — ndipo ujumbe ukaanza kuingia, mmoja juu ya mwingine. Ulipigiwa. Ulipigiwa. Ulipigiwa. Namba ya hospitali.

Nikapiga. Muuguzi alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Nimeshampigia anayefuata, dada. Naye hapatikani. Ngoja nimjaribu tena. Akikosekana, nafasi ni yenu. Usiondoke hapo ulipo, nitakupigia."

Hapatikani. Neno nililolichukia wiki nzima, sasa nimelishika kama kamba. Naomba — Mungu anisamehe — mnara wa huko aliko uzime kabisa. Halafu namwona mtu huyo, ameegemea mito. Namwona mkewe anazunguka nyumba na simu mkononi, anaiinua juu, anaishusha.

Naomba tena.

Wifi amemtoa mume wangu nje, amemkalisha kwenye kiti cha plastiki, chini ya ngazi. Ananiita kwa pumzi aliyobaki nayo: wamesemaje?

Nimemjibu mtandao unakatika, sijasikia vizuri.

Haukatiki. Huku juu vistari vimejaa vyote.